Maswali ya Wasomaji: Mkaguzi wa Gogol katika majukwaa ya Urusi

Tangu tulipozungumzia tamthiliya za kigeni zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, barua nyingi zilizotufikia kutoka Iringa, Njombe na Mbeya zimekuwa juu ya kitabu kimoja, nacho ni Mkaguzi Mkuu wa Serikali, futuhi ya Nikolai Gogol wa Urusi, iliyotafsiriwa na Christon Mwakasaka na kuchapishwa Nairobi mwaka 1979. Wasomaji wa Rungwe na Kyela watamfahamu Mwakasaka pia kwa kazi yake juu ya fasihi simulizi ya Wanyakyusa. Kwa ambaye hajausoma mchezo huu, kisa chake ni hiki: viongozi wa mji mdogo, wala rushwa wote, wanapata habari kwamba mkaguzi anakuja kwa siri kutoka mji mkuu, na kwa hofu yao wanamdhania kijana mmoja aliyekwama katika nyumba ya wageni, Khlestakov, asiye na hata senti ya kulipia chakula, kuwa ndiye mkaguzi mwenyewe. Wanampa fedha, wanamkaribisha nyumbani kwa meya, anamposa binti wa meya, kisha anaondoka zake. Mkuu wa posta anaifungua barua yake na ukweli unajulikana, na papo hapo askari anaingia kutangaza kwamba mkaguzi wa kweli amefika.

SWALI: Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mchezo huu ulipigwa marufuku na mfalme wa Urusi. Mwenzangu anadai kwamba mfalme aliutazama na kuucheka. Nani yuko sahihi?
Mwanachuo, Makambako

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, ingawa mwalimu wako hakuwa na sababu ndogo ya kudhani hivyo. Oktoba 1835 Gogol alimwandikia mshairi Pushkin akimwomba kisa chochote cha Kirusi ambacho angeweza kukitungia futuhi, na miezi michache baadaye kazi ilikuwa tayari. Ndani yake hamna ofisa hata mmoja aliye msafi, na kwa hali ya wakati ule ilikuwa vigumu kutumaini kwamba maofisa waliokagua maandishi wangeipitisha. Mshairi Zhukovsky, aliyekuwa mwalimu wa mrithi wa ufalme, aliuombea mchezo huo, na Mfalme Nikolai wa Kwanza akauruhusu mwenyewe. Ulioneshwa mara ya kwanza St Petersburg, katika ukumbi wa Aleksandrinsky, tarehe 19 Aprili 1836 kwa kalenda iliyotumika Urusi zamani hizo. Mfalme alikuwapo pamoja na mwanawe, na inasimuliwa kwamba alitoka akisema kila mtu amepata fungu lake, naye amepata kubwa kuliko wote. Hata hivyo mfalme huyo huyo alikuwa na mkono mzito juu ya waandishi, kama utakavyoona katika jibu la tatu hapa chini.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mlezi wa klabu ya sanaa katika shule moja ya sekondari hapa Mafinga. Tumeanza mazoezi ya mchezo huu na wanafunzi wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linataka meya afungwe mto tumboni, hakimu apakwe masizi puani na Khlestakov ajikwae kila anapoingia, kwa sababu hivyo ndivyo vichekesho wanavyovitazama kwenye simu. Kundi la pili linasema maneno ya kitabu yanatosha. Nimeshindwa kuamua. Warusi wenyewe wameuchezaje?
Mwalimu wa Kiswahili, Mafinga

JIBU: Mwalimu, ugomvi wa wanafunzi wako una umri sawa na mchezo wenyewe. Ulianza usiku ule ule wa kwanza, na aliyeumizwa nao kuliko wote alikuwa Gogol.

Khlestakov wa kwanza alikuwa mwigizaji Nikolai Dur, kipenzi cha watazamaji wa St Petersburg, aliyezoea michezo myepesi ya kuimba na kuchekesha iliyotoka Ufaransa. Alimcheza Khlestakov kama tapeli wa kawaida wa michezo hiyo, mrongo anayejua kwamba anasema uongo na anayemkonyezea mtazamaji jicho. Watu walicheka, lakini Gogol alitoka ukumbini akiwa na huzuni, akaandika baadaye kwamba Dur hakuelewa hata kidogo Khlestakov ni nani, na mnamo Juni mwaka huo akaondoka Urusi kwenda kukaa ughaibuni.

Kwa nini mwandishi ahuzunike wakati ukumbi unacheka? Soma tena tendo la pili, Mwalimu, pale meya anapoingia katika chumba cha nyumba ya wageni. Khlestakov ana njaa, mwenye nyumba amekataa kumpa chakula kwa mkopo, na anapomwona meya anaamini kwamba amekuja kumpeleka jela kwa ajili ya deni. Meya naye, anapomwona kijana huyu akipaza sauti kwa woga, anaamini kwamba mkaguzi amekwisha kuzijua dhambi zake zote. Wanaume wawili wanatetemeka, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na hakuna kati yao anayejaribu kumdanganya mwingine. Kicheko chote cha mchezo kimefungwa katika fundo hilo. Khlestakov akichezwa kama tapeli hodari, fundo linafunguka, kwa kuwa watu kudanganywa na tapeli hodari ni jambo la kila siku, ilhali hapa watu wazima wenye vyeo wanadanganywa na hofu yao wenyewe.

Baadaye, akishakula na kunywa, kijana huyu aliye karani wa daraja la mwisho kabisa kati ya madaraja 14 ya utumishi wa Urusi anaanza kusimulia kwamba nyumbani kwake huandaliwa tikiti la rubo 700, kwamba supu yake huletwa na meli ikiwa ndani ya sufuria moja kwa moja kutoka Paris, na kwamba siku moja matarishi 35,000 walitumwa kumwita aende akaongoze idara. Hasemi hayo ili apate faida. Anayasema kwa sababu wanamsikiliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kuna watu wanaosimama akisimama na kunyamaza akikohoa. Kila neno linapomtoka, yeye ndiye wa kwanza kuliamini.

Njia ya kulicheza hilo Gogol aliionesha mwenyewe. Mwaka 1851, miezi michache kabla ya kufa, aliwasomea mchezo huu waigizaji na waandishi waliokusanyika mjini Moscow, na mwandishi Turgenev, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, aliacha kumbukumbu ya siku ile. Anaeleza kwamba Gogol alisoma kwa utulivu na unyofu mkubwa, kana kwamba hajali kama kuna anayemsikiliza, na shauku yake yote ilikuwa kuliingia jambo lenyewe ambalo kwake lilikuwa jipya. Wasikilizaji walivunjika mbavu kwa kucheka, naye aliyewachekesha aliendelea kusoma kwa uso ule ule, kama mtu anayeshangaa kicheko hicho kimetoka wapi. Katika maelekezo aliyowaandikia waigizaji alisema jambo hilo hilo: kadiri mwigizaji asivyofikiria kuchekesha, ndivyo ucheshi wa mtu anayemwigiza utakavyojitokeza.

Waigizaji na waongozaji wakubwa waliomfuata walitofautiana kwa mambo mengi, lakini hapo hawakuachana naye. Mjini Moscow, tangu Mei 1836, meya alichezwa katika ukumbi wa Maly na Mikhail Shchepkin, mtu aliyezaliwa mtumwa wa shamba mwaka 1788 na kukombolewa kwa fedha za mchango akiwa tayari mwigizaji wa makamo. Huyo aliwajua maofisa wa miji midogo kwa kuishi chini yao, na kwa miaka mingi hakukuwa na meya mwingine ambaye Warusi walimpima mwigizaji kwake. Mwaka 1921 mwongozaji Stanislavsky alimpa Mikhail Chekhov, mtoto wa kaka wa mwandishi Anton Chekhov, nafasi ya Khlestakov katika Ukumbi wa Sanaa wa Moscow. Waliomwona wanasimulia kwamba alipofika kwenye lile tikiti la rubo 700 alilichora hewani kwa mikono, nalo likawa la pembe nne. Hebu mfikirieni hapo darasani mtu anayechora tikiti la pembe nne kwa uso wa kweli kabisa, halafu mlinganishe na pua yenye masizi.

Kisha kuna Vsevolod Meyerhold, ambaye onesho lake la Desemba 1926 bado linabishaniwa mpaka leo. Aliukata mchezo katika vipande 15, akauchezesha sehemu kubwa juu ya vijukwaa vidogo vyenye magurudumu, vilivyosukumwa mbele vikiwa vimejaa watu na samani hata pasiwe na nafasi ya kugeuka. Nyuma ya vijukwaa ulisimama ukuta wa mbao zilizong'arishwa, wenye milango. Katika kitabu, maofisa wanaingia mmoja mmoja kumpa Khlestakov fedha. Meyerhold aliifungua milango mingi kwa pamoja, na katika kila mlango ukatokea mkono ulioshika bahasha. Nadhani hakuna haja ya kumweleza msomaji wa Kitanzania maana ya bahasha. Wako waliomshutumu kwamba amemuua Gogol kwa kuondoa kicheko, na wako waliomtetea, miongoni mwao Lunacharsky aliyekuwa kamishna wa elimu. Ukumbi wake ulifungwa na serikali mwaka 1938, naye akakamatwa mwaka 1939 na kupigwa risasi Februari 1940.

Mwaka 1972 Georgy Tovstonogov aliuongoza mchezo huu Leningrad, ndiyo St Petersburg, akisema kwamba mhusika wake mkuu ni hofu. Mwaka huo huo Moscow ilikuwa na Khlestakov wa Andrei Mironov na meya wa Anatoly Papanov katika Ukumbi wa Satira, onesho changamfu zaidi, ambalo nalo lilipendwa sana.

Ushauri wangu, basi, uko upande wa kundi la pili, na nina sababu yangu ya karibu. Nilihudhuria mazoezi ya wanafunzi katika darasa moja mjini Iringa, jioni ya Juni, kwa baridi ile inayojulikana, waigizaji wakiwa wamevaa masweta ya shule juu ya mavazi ya mchezo. Kijana aliyecheza Bobchinsky, mwenye shamba mdogo asiye na cheo, alifika pale anapomwomba Khlestakov kwamba atakaporudi mji mkuu awaambie wakubwa wote, na hata mfalme akipata nafasi, kwamba katika mji fulani anaishi Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Hana ombi lingine. Anataka tu wajue kwamba yupo. Yule kijana alikuwa ameshika kofia ya babu yake kwa mikono miwili, akasema maneno yale polepole, akimtazama mwenzake usoni kama mtu anayeomba kazi. Wenzake walianza kucheka, kisha wakapunguza, kisha wakacheka tena kwa namna nyingine kabisa. Mwambie mwanafunzi wako wa meya aogope kwelikweli, Mwalimu, na ule mto aurudishe bwenini.

SWALI: Sisi ni walimu wa shule za msingi hapa Mbeya, tunataka kuchangisha fedha za kumsaidia mwenzetu mgonjwa kwa kuonesha mchezo huu. Wapo wanaotucheka kwamba watu wazima wasio waigizaji hawawezi kuucheza. Je, imewahi kufanyika?
Mwalimu, Mbeya

JIBU: Imefanyika, tena kwa sababu kama yenu. Aprili 1860 waandishi wa St Petersburg waliucheza mchezo huu wenyewe ili kuchangia mfuko wa kuwasaidia waandishi wenye shida. Pisemsky alikuwa meya, Turgenev alijitokeza miongoni mwa wafanyabiashara wanaokuja kumshtaki meya kwa Khlestakov, na Dostoevsky alicheza mkuu wa posta.

Hapo kwa Dostoevsky ningependa msimame kidogo. Mwaka 1849, chini ya Mfalme Nikolai yule yule aliyeuruhusu mchezo, alikamatwa na kuhukumiwa kifo, kisha akapelekwa Siberia, na moja ya makosa yake lilikuwa kuwasomea wenzake barua iliyopigwa marufuku ambayo mhakiki Belinsky alikuwa amemwandikia Gogol. Alirudi St Petersburg Desemba 1859. Miezi minne baadaye alisimama jukwaani, katika mchezo wa Gogol, akimwigiza ofisa anayefungua barua za watu na kuzisoma. Basi walimu wa Mbeya, gaweni nafasi, anzeni mazoezi, na Mungu amjalie mgonjwa wenu nafuu.

SWALI: Katika kikundi chetu cha vijana wa kanisa tunaona mchezo unaishia vibaya, kwa sababu wala rushwa hawaadhibiwi. Tumetunga onesho la nyongeza ambamo mkaguzi wa kweli anaingia na maofisa wa TAKUKURU, meya anatiwa pingu, na mkaguzi anatoa hotuba. Je, tunaruhusiwa?
Katibu wa kikundi, Njombe

JIBU: Ndugu Katibu, kuhusu ruhusa, Gogol alikufa mwaka 1852 na hatawashtaki, ila haki za tafsiri ya Kiswahili ni jambo la kuulizia kwa mchapishaji. Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba wazo lenu limekwisha kujaribiwa. Mwaka ule ule wa 1836, majira ya joto, mtu wa ukoo wa kikabaila aitwaye Tsitsianov alileta jukwaani mwendelezo alioupa jina la Mkaguzi wa Kweli, ambamo mkaguzi anafika, anafichua maovu na kila mwenye kosa anapata malipo yake. Watazamaji hawakuupenda, ukaondolewa baada ya maonesho machache, na leo unatajwa tu kwa sababu ya ule mchezo mwingine.

Aliyefuata kujaribu ni Gogol mwenyewe, na hilo ni la kusikitisha. Mwaka 1846, moyo wake ukiwa umeelemea sana mambo ya dini, aliandika hitimisho linaloeleza kwamba ule mji ni nafsi ya binadamu, maofisa ni tamaa zetu, na mkaguzi wa kweli ni dhamiri inayotungoja mlangoni pa kaburi. Alitaka Shchepkin alicheze. Shchepkin, aliyempenda na kumheshimu, alimjibu mwaka 1847 kwa barua ambayo naiona kuwa miongoni mwa barua bora za mwigizaji kwa mwandishi. Alisema amewazoea watu hao kwa miaka kumi kama watu hai, asiambiwe sasa kwamba wao si maofisa bali ni tamaa; aachiwe jinsi walivyo, na maadamu yu hai hatawatoa. Hitimisho lile halikuchezwa.

Najua nia yenu ni njema, na vijana wa kanisa wana haki ya kuichukia rushwa kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini fikirini mtazamaji atakavyotoka ukumbini. Akiona pingu na kusikia hotuba, atajiona yuko upande wa mkaguzi, naye ataondoka akiwa ameridhika. Mwaka 1842 Gogol aliweka mwanzoni mwa kitabu chake methali ya Kirusi inayosema usilaumu kioo ikiwa uso wako ndio umepinda, na katika tendo la mwisho meya anawageukia watu wanaocheka na kuwauliza wanamcheka nani, akawajibu kwamba wanajicheka wenyewe. Baada ya maneno hayo hotuba ya mkaguzi itasema nini zaidi? Kama mnataka mchezo uwe wa Njombe, fanyeni hivyo ndani ya mchezo wenyewe. Kwa Gogol, hakimu anapokea watoto wa mbwa wa kuwindia na kusema hiyo si rushwa. Wenu na apokee gunia la viazi.

SWALI: Mwaka jana tuliuonesha mchezo huu Tukuyu. Mwishoni, pale waigizaji wote wanapoganda bila kusema neno, watu walidhani tumesahau maneno. Mmoja akatusaidia kwa kupiga kelele kutoka nyuma, wengine wakaanza kutoka, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ukimya wenyewe haukusikika. Tufanyeje?
Kiongozi wa kikundi cha maigizo, Tukuyu

JIBU: Poleni sana. Onesho hilo la kimya limewashinda hata wenye kumbi kubwa. Gogol aliagiza lidumu karibu dakika moja na nusu, muda ambao jukwaani ni mrefu mno, na alilalamika kwamba katika onesho la kwanza waigizaji hawakulifanya ipasavyo. Meyerhold hakutaka miili ya watu ishindane nalo: waigizaji wake walitoweka, na pazia lilipopanda watazamaji waliona sanamu za kimo cha mtu zilizovishwa nguo zile zile, na zilichukua muda kutambulikana kwamba hazina uhai.

Nyinyi hamna sanamu, lakini mna maelekezo ya kitabu, nayo yanampa kila mtu umbo lake. Meya yuko katikati kama nguzo, mikono ameitandaza na kichwa amekitupa nyuma. Mkuu wa posta amegeuka kuwa alama ya kuuliza inayowaelekea watazamaji. Hakimu amechuchumaa karibu aguse sakafu, midomo ameibinua kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Kosa la vikundi vingi ni kwamba waigizaji wanasimama tu, wamenyooka, mikono imening'inia, nao wakisimama hivyo wanafanana kweli na watu waliosahau maneno. Mtu aliyekamatwa katikati ya kuchuchumaa hawezi kudhaniwa hivyo. Kabla ya kuganda, Gogol anataka sauti moja ya mshangao iwatoke wanawake wote kwa pamoja, na kundi zima libadilike kwa mara moja. Kifanyieni mazoezi kitendo hicho kimoja jioni nzima, mtu mmoja akihesabu polepole hadi tisini, na pazia lisishuke kabla ya hapo hata mtu akipiga kelele.

Kuhusu mvua ya Tukuyu, uoneshwe Agosti.